Mboga ya Mwenyekiti

Mama Agatha, shikamoo, kama umenipita umri, na kama ni mimi niliyekupita basi nirudishie shikamoo yangu ila shida usinirudishie, kwa sababu hapa Kahama nimeshawauliza wote wa kuulizwa na kila mmoja ameishia kucheka. Mimi ni mtu mzima, mvi zimeanza kunihesabu, nina bucha yangu njia ya kwenda Buzwagi, na kwa kuwa nimekuja kuungama acha niungame na hili: gazeti lenu huwa nalinunua la kufungia nyama, lakini ukurasa wako naukata kwanza nausoma hadi mwisho, ndipo wateja wanafungiwa maini yao kwa michezo na siasa. Kwa hiyo mimi ni msomaji wako halali.

Shida yangu ni kobe.

Si kobe wa nchi kavu, huyu anayekatiza barabara magari yakamsubiri, huyu ni wa majini, mweusimweusi, ukubwa wa bakuli la supu lililofunikwa, na akiogopa hairudishi shingo ndani moja kwa moja bali anaikunja pembeni kama mtu aliyesusa, jina lake Mwenyekiti kwa sababu watu wakianza kuzungumza hunyanyua kichwa akasikiliza pande zote, na wala si wangu, ni wa mama mkwe wangu, na hapo ndipo jasho linaponitoka.

Marehemu baba mkwe, Mzee Stanslaus wa kule Ushirombo, alimkuta kwenye lambo mwaka lile lambo lilipokauka hadi ng'ombe wakawa wanalamba tope, akamtia kwenye kofia yake akaenda naye nyumbani, na mzee alipofariki kobe ndiye aliyebaki kuwa mtu wa kuongea na mama. Mimi nimemsikia kwa masikio yangu, jioni anakaa na beseni lake la bluu pembeni anamweleza nani alikuja kanisani na nani hakuja na karanga zimepanda vipi, huku kidole gumba chake kinapita kwenye pengo dogo lililo ukingoni mwa gamba, mahali ambapo jembe la mzee lilimgonga bahati mbaya siku ile alipomfukua kwenye tope. Macho ya mama yalishaingia ukungu siku nyingi, mtoto wa jicho, kwa hiyo mama alikuwa akimwona kobe kwa gumba.

Sasa mwezi uliopita mama akapata nafasi ya kutibiwa macho hospitali ya Kolandoto, na baada ya hapo akae Shinyanga mjini kwa shemeji yangu Benedict ili awe karibu na kliniki, akapita hapa Kahama na beseni lake mapajani, abiria wote wakimtazama, akatukabidhi Mwenyekiti pale stendi. Na wewe unajua mambo ya mkwe, Mama Agatha, mimi na mama mkwe wangu hatutazamani usoni, nikiongea naye naongea na vidole vya miguu yangu, na kuna jambo la zamani pia, wakati naenda kuposa mama alisita, akasema mbele ya washenga, "Huyu mwenye bucha si atamlisha mwanangu nyama tupu?" Watu wakacheka, mimi nikacheka kuliko wote, lakini neno lile lilinikaa, na tangu siku hiyo kila ninachokifanya mbele ya mama nakifanya kama niko kwenye usaili.

Basi pale stendi nikauliza, nikiangalia chini, "Mama, huyu anakula nini?"

Akasema, "Mwenyekiti hana makuu, Baba Ritha. Mboga tu, kama nyie."

Nikamjibu kwa furaha, "Hiyo usiwaze, mama. Mboga kwetu haikauki."

Sasa nieleze, Mama Agatha, kosa langu liko wapi hapo? Bucha ninayo mimi, mteja akifika asubuhi anasema "Nipimie mboga," na mimi nachukua kisu, sijawahi kumwuliza mboga gani, nyumbani mke wangu Anisia akituma mtu kusema "Baba Ritha, mboga hakuna," maana yake nirudi na nyonga au ini, mwaka wa ishirini na ngapi huu neno hilo kwangu lina mfupa ndani yake. Kwa hiyo nikampa Mwenyekiti mboga. Nikampa ini, nikampa moyo, siku ya Jumapili nikampa steki laini niliyoikata vipande vidogo kama ya mtoto anayeota meno, na akala, naapa alikula, alikuwa akiniona tu mlangoni ananyoosha shingo, nikawaambia watu pale buchani kwamba hata kobe anajua nyama safi inauzwa wapi.

Maji ya beseni yakaanza kunuka. Anisia akapiga marufuku chakula ndani ya maji, akasema kuanzia leo anatolewa, anakula kwenye sahani jikoni kama watu wengine, akimaliza anarudishwa kuoga. Nikaona ni ustaarabu. Ila Mwenyekiti naye alikuwa ameanza kubadilika, miguu ikajaa nyama ikawa inamwagika nje ya gamba, shingo ikawa haitoshi tena pale anapoikunja, akawa kama mimi ninapovaa suti ya harusi yangu.

Halafu jioni ileile, kabla sahani haijaanza kutumika, mama akapiga simu. Upasuaji umekwenda vizuri, Mungu ni mwema, sauti yake ina furaha, Anisia kaweka simu kwa sauti kubwa tusikie wote, na mama akauliza, "Na Mwenyekiti anakula mgagani wake? Msimpe uliokomaa, anapenda machipukizi."

Tukatazamana mimi na mke wangu. Anisia akafungua mdomo bila sauti: *mgagani?* Na mimi, mtu mzima, nikaisogelea simu nikasema, "Anakula, mama. Anakula sana." Ambalo kwa kweli halikuwa uongo, lakini nililisema kwa sauti ya muongo.

Tangu siku ile tumebadilisha mambo. Anisia aliupika mgagani vizuri, akautia maziwa na karanga na chumvi kwa mbali, hata mimi nikatamani, tukamwekea Mwenyekiti kwenye sahani, akautazama, akakunja shingo. Tukajaribu mlenda, akakunja shingo. Tukamwekea kabichi mbichi, akageuka mzima akatupa mgongo. Hii ni wiki ya pili hajatia kitu mdomoni, na majirani sasa wanakuja kumwangalia kama mgonjwa, wanakaa kwenye viti wamezunguka sahani, mmoja ameshaanza kuongea kwa kunong'ona.

Ndipo akaja rafiki yangu Boaz, huyu ni mchimbaji wa zamani, siku hizi ni mnywaji wa supu tu pale buchani, akaniambia, "Baba Ritha, unajisumbua. Kobe ni kobe." Kesho yake akatokea na mfuko wa salfeti, ndani kobe mwingine, katoka naye lamboni, mweusi vilevile, ukubwa uleule. "Mama mwenyewe ana bandeji machoni," akasema. "Atajuaje?" Nikamwambia bandeji zimeshatolewa. Akasema, "Basi ndiyo vizuri zaidi, hajawahi kumwona wa kwanza vizuri, huyu ndiye atakayemwona." Nilimfukuza, Mama Agatha, lakini ule mfuko sikuufukuza. Sasa nina kobe wawili, mmoja jikoni amesusa, mwingine nimemficha kwenye pipa la maji nyuma ya bucha, na huyu wa pipani anakula kila ninachomtupia.

Mama anarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Anakuja na macho mapya, na alichosema kwenye simu ni kwamba anataka kumwona Mwenyekiti wake kabla hajamwona mtu yeyote. Anisia hasemi kitu, ananitazama tu. Nimwambie mama ukweli kwamba nimefanya kilekile alichokihofia, kulisha nyama tupu? Nimpe wa pipani nikae kimya? Au niende Buseresere kwa kaka yangu, nisingizie kununua ng'ombe, nimwachie Anisia amalizane na mama yake? Na kobe huyu, kwa nini hali majani? Naomba unijibu haraka, na ukinitukana nitukane taratibu, wateja wangu pia wanasoma.

Ni mimi, Baba Ritha, wa bucha, Kahama.

Mama Agatha anajibu

Baba Ritha, marahaba. Umri wangu hukupaswa kuutaja gazetini, lakini tuyaache.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka mpaka mhariri akaja kuuliza kulikoni. Nikaisoma mara ya pili nikafika pale mama anapomweleza kobe nani alikuja kanisani, nikaacha kucheka. Wasomaji wangu wanajua huwa nawajibu kwa foleni. Kobe hana foleni. Ndiyo maana nilikupigia simu siku ileile, na haya ninayoandika ni kwa faida ya wengine, na kwa faida yako pia, kwa sababu nusu ya niliyokuambia ulikuwa unaitikia tu.

Mimi si mtaalamu wa wanyama. Mnyama pekee niliyewahi kufuga alikuwa paka, naye alihamia kwa jirani. Kwa hiyo kabla sijakupigia nilimtafuta Daktari Valerian, wa mifugo, nikamsomea barua yako. Swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: "Chakula wanamwekea wapi?"

Kwenye sahani, nikamwambia. Jikoni.

"Basi kobe hajasusa," akasema. "Hawezi."

Kobe wa majini, Baba Ritha, hula akiwa ndani ya maji. Maji ndiyo yanayomsaidia kumeza. Ukimtoa ukamweka mbele ya sahani hata umpikie nini, ni sawa na mimi kukuletea ugali bila maji wala mboga, ya aina yoyote, halafu nikuitie majirani wakuangalie koo. Ustaarabu wenu wa sahani ndio uliomfungisha mdomo. Tena mnamwekea majani yaliyopikwa, yenye chumvi na karanga na maziwa. Yule si mgeni wa mahari. Anataka jani bichi, lililooshwa, linaloelea.

Unakumbuka nilivyokuambia kwenye simu: mtie kwenye beseni, maji safi yanayomfunika mgongo, weka machipukizi ya mgagani juu, halafu ondokeni.

"Tuondoke nani?" ukauliza.

"Mko wangapi hapo?"

Nikasikia viti vikisogezwa.

"Ondokeni wote," nikasema. "Simu iache sakafuni."

Nikakaa na simu sikioni nikisikiliza jiko lako, na mhariri akipita anafikiri niko kazini, na kwa kweli nilikuwa kazini. Kisha nikasikia Mama Ritha ananong'ona mlangoni, "Baba Ritha! Jani limetikisika!"

Ukamwambia, "Ni upepo."

"Upepo gani ndani ya beseni?"

Sitasahau mlivyopiga kelele. Nadhani ndiyo sababu hakuendelea na jani la pili mpaka jioni. Lakini alikula, na umeniambia tangu hapo anakula. Kwa hiyo shida ya kwanza imekwisha. Sasa nisikilize vizuri, usije ukaianzisha upya.

Daktari anasema kobe wa aina hii si mtawa. Akiwa lamboni anakula konokono, wadudu, viluwiluwi, na majani pia. Nyama haikuwa sumu. Kilichomvimbisha ni nyama tupu ya ng'ombe, ya kila siku, na steki ya Jumapili juu yake. Acha kabisa ini na steki. Majani yawemo majini kila siku: machipukizi ya mgagani kama mama alivyosema, matembele, majani ya maboga, na ule mchunga mchungu unaoota wenyewe pembeni ya shamba, huo anasema ndio mzuri kuliko yote. Mchicha mpe siku mojamoja, usiwe wa kila siku. Kabichi kidogo sana, haina maana kubwa kwake. Karoti ukiikwangua atafurahia. Kisamvu kibichi usithubutu, kina sumu yake, wewe mwenyewe unajua kwa nini tunakitwanga na kukichemsha. Mara mojamoja katika wiki mpe dagaa mkavu mmoja asiye na chumvi, aliyelowekwa, au mdudu, ili asisahau alikotoka. Kilichobaki majini baada ya kula kitoe, na maji ubadilishe, hapo beseni halitanuka na Mama Ritha hatakuwa na sababu ya kutunga sheria.

Majani ya majini nayo anayapenda, yale madogo yanayoelea lamboni na hata gugumaji. Lakini angalia unapoyatoa. Wewe unaishi kwenye nchi ya dhahabu. Karibu na wanakooshea mchanga wa dhahabu kuna zebaki, na haionekani kwa macho, hata kwa macho mapya ya mama. Usichote huko maji wala jani. Na bustani iliyopuliziwa dawa juzi, pita mbali.

Mwekee jiwe la kupanda akaote jua asubuhi, na upande mmoja wa beseni uwe na kivuli ajifiche likizidi. Ukimwona macho yamevimba, au anaelea kiubavu, au ameacha tena kula, usiniandikie mimi, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na ukishamshika, nawa mikono kwa sabuni kabla hujarudi kwenye kisu. Mimi nina ndugu wanaonunua nyama njia hiyo.

Sasa lile la pili, ambalo umelizungukia barua nzima.

Kobe wa pipani atarudi lamboni, na atakayembeba ni Boaz, kwa mfuko uleule, kwenye lambo lilelile, kabla hajanywa supu. Hakuna cha kujadili hapo. Mama yako mkwe muda wote huo alikuwa akimtambua Mwenyekiti kwa gumba. Boaz amefikiria macho, hakufikiria kidole. Mama angeweka mkono ukingoni mwa gamba, asilikute pengo la jembe la mumewe, na wewe ungekuwa umesimama hapo unaongea na vidole vya miguu yako. Umewahi kufikiria sekunde hiyo ingekuwaje? Mimi nimeifikiria, nikaweka kalamu chini nikaenda kunywa chai.

Na Mwenyekiti mwenyewe, tena huyuhuyu halali, kaulize ofisi ya wanyamapori ya wilaya kama kumfuga kunahitaji kibali. Fanya hivyo mapema, ukiwa na uso wa mtu aliyekuja kuuliza, kuliko wao waje kukuuliza wewe.

Kwa hiyo Buseresere hutakwenda. Mwache kaka yako apumzike. Utampigia mama simu wewe mwenyewe, kabla hajapanda basi. Najua kwenu maneno ya mkwe hupitia kwa mke. Haya hayapiti kwa mke, kwa sababu siku ile Anisia alikuwa amenyamaza, aliyeisogelea simu ulikuwa wewe. Na uzuri wa simu ni kwamba hamtazamani. Sema hivi: "Mama, uliponiambia mboga nilielewa ya kwangu. Nimempa nyama. Amenenepa, akaugua, sasa anakula mgagani. Nisamehe." Halafu nyamaza. Usimweleze habari za suti ya harusi, usimweleze habari za steki ilivyokuwa laini.

Atakasirika? Inawezekana. Atakukumbusha maneno yake ya siku ya posa? Mimi ningekuwa yeye ningekukumbusha, tena mbele ya Benedict. Vumilia, ni haki yake. Lakini mwanaume aliyemkatia kobe wa mkwewe nyama vipande vya mtoto anayeota meno, akakosa raha mpaka akaandikia gazeti, huyo mama hatamtupa. Alikuachia kitu cha mumewe. Hakumwachia Boaz.

Anisia naye, msalimie. Mwambie ile kazi ya kunitazama kimya anaifanya vizuri, aiendeleze hadi simu ipigwe.

Jumamosi uwe stendi mapema, na beseni mkononi, maji safi, machipukizi juu. Mama akishuka usiongee, mpe beseni tu, gumba lake litafanya kazi yake na macho yatafuata. Akikuuliza anakula nini, mtajie jani kwa jina lake.

Kisha mchukue nyumbani, amekaa mwezi mzima kwa Benedict akila uji na matembele, na nina hakika ana njaa. Mwambie Mama Ritha apike mboga. Ile ya kwenu.